Robo kilo ya soya kwenye ndoo ya mzee

Kwenye foleni ya mashine ya kusaga, Chikongola, mama aliyenitangulia alikuwa na ndoo ya mahindi, mchele na ulezi, na soya imemwagwa juu kabisa, bado haijachanganywa. "Ya mzee," akaniambia. "Ana sukari, na macho yameanza kumsumbua. Wanasema soya inasafisha." Nikamwuliza, mama, soya ni kiasi gani? Robo kilo. Ndoo nzima ilikuwa kilo tano.

Maneno ya namna hiyo nayasikia sana hapa Mtwara, na mengi yana chembe ya ukweli. Ndiyo maana hayafi.

"Soya inatibu sukari, inaokoa macho na figo."

Haitibu. Maneno haya yametokana na isoflavoni, viambata vya asili vilivyomo kwenye punje ya soya, hasa jenisteini na daidzeini. Maabara, panya wenye kisukari waliopewa jenisteini walionekana kupata nafuu kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na figo zao zikavujisha protini kidogo kuliko za wenzao. Habari njema, ila ni ya panya, na mara nyingi walipewa jenisteini iliyochujwa ikabaki yenyewe. Mzee wa Chikongola anakula punje, na gramu 100 za soya kavu zina isoflavoni zote kwa pamoja miligramu 100 hadi 200 hivi, kutegemea mbegu. Kwa binadamu majibu yamepishana: wapo ambao sukari ilishuka kidogo, wapo ambao haikutikisika. Sababu mojawapo imo tumboni. Daidzeini hugeuzwa na bakteria wa utumbo kuwa ekwoli, na si kila mtu anao bakteria hao. Mnaweza kula sahani moja, kila mmoja akaondoka na lake.

"Uji wa lishe haumdhuru mgonjwa, si una soya?"

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Soya yenyewe sina ugomvi nayo: protini kama gramu 36 katika kila gramu 100, nyuzinyuzi za kutosha, na haipandishi sukari kwa kasi. Lakini robo kilo ndani ya kilo tano ni asilimia 5. Zilizobaki ni nafaka zilizosagwa laini, na wanga uliosagwa hivyo ukipikwa uji hugeuka sukari mwilini upesi. Hapo bado vijiko vya sukari havijaingia kwenye kikombe. Uji huu unamfaa mtoto anayetakiwa kuongezeka kilo, si babu yake.

Mzee akiitaka soya, ichemshwe nzima mpaka ilainike, ale kama mboga, na tonge la ugali wa muhogo lipungue. Halafu tuseme kweli: soya ni zao la majirani zetu wa Ruvuma zaidi kuliko letu. Mbaazi, kunde na choroko hazina isoflavoni nyingi kama soya, ila kwa kazi ya kupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya kula, zinatosha kabisa. Mwenye mbaazi zake Nachingwea asijione maskini.

"Ukishaanza soya, vidonge punguza."

Hii ndiyo inayoniogopesha. Shangazi yangu wa Mikindani alitoka bombani hadi barazani na kandambili moja. Nyingine ilibaki kwenye mchanga, na hakujua mpaka mjukuu alipoileta. Nyayo zilikuwa zimekufa ganzi, sukari ilishakula mishipa ya fahamu. Kilichomsaidia asizidi ni vidonge kwa saa yake, kupima sukari na presha, kukagua nyayo kila jioni, na kuacha kwenda pekupeku mikoroshoni. Soya anakula, na vidonge anameza.

"Mbichi ndiyo yenye nguvu."

Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia kimeng'enya cha tripsini kusaga protini, na tumbo litalalamika. Moto hukiharibu. Chemsha au kaanga kwanza.

"Mwanaume akila soya anapungukiwa uanaume." Isoflavoni zinafanana kidogo na homoni ya kike, lakini tafiti kwa wanaume hazikuona homoni yao ikishuka. "Basi nitapikia mafuta yake." Isoflavoni karibu zote hubaki kwenye mashudu, yale makapi ya soya iliyokamuliwa mafuta.

Na kama figo zimeshachoka, protini na madini ya potasiamu vina kipimo chake, hata vikitoka kwenye soya. Hapo daktari aulizwe kabla ya sufuria kubandikwa.

Yule mama alinisikiliza huku foleni ikisogea. Zamu yake ilipofika akachota ile soya ya juu kwa kikombe, akaifunga kwenye pindo la kanga, akamsukumia kijana wa mashine ndoo. "Hii saga, mwanangu, ya wajukuu."