Sprinti Siyo Iliyoiua Halo, na Mengine Mnayoniletea Kila Wiki

Jamani nimechoka kubishana hili jambo na kila mtu peke yake, kwa hiyo naandika mara moja tu na nikiulizwa tena natuma hii. Nasimamia mechi za Halo, ile gemu ya kupigana kwa bunduki ya Xbox, na nafundisha vijana wanaotaka kucheza kwa ushindani, na kila anayekuja mpya anakuja na hadithi ileile, kwamba Bungie, studio iliyoianzisha, walitengeneza gemu safi, wakaondoka, wakaingia 343, studio ya Microsoft iliyoipokea, wakaweka sprinti (kukimbia kwa kasi), Halo ikafa. Inatamkwa kama aya ya kukariri. Na wengi wanaoisema ukiwauliza Reach, Halo ya mwisho ya Bungie, wamecheza lini wanaanza kuangalia pembeni.

Tuanze na hapo. Sprinti ililetwa na Bungie wenyewe kwenye Halo: Reach, Septemba 2010. Ilikuwa moja ya zile Armor Ability, yaani uwezo wa ziada wa mchezaji, unachagua ama sprinti, ama jetpack, ama Armor Lock (ile nayo ilikuwa balaa lake, mtu unamkaribia umalize kazi anajifungia ardhini hapigiki). Walichofanya 343 kwenye Halo 4 mwaka 2012 ni kumpa kila mchezaji sprinti muda wote. Ni tofauti kubwa, sikatai, lakini mbegu haikupandwa na wao.

Sasa nikishasema hivyo najibiwa, haya, basi sprinti ni mbaya hata kama ni ya Bungie. Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri maana watu wanaona dalili wanaita ugonjwa.

Kwenye Halo tatu za mwanzo mwendo wako ni mmoja na bunduki iko tayari muda wote, unasogea huku unapiga, unaruka huku unapiga, unarudi nyuma huku unapiga. Ukiweka sprinti, mtu akikimbia anashusha bunduki. Sasa mwenye kutengeneza ramani anapata shida, watu wanafika haraka mno na wanatoroka haraka mno, kwa hiyo anaivuta ramani iwe kubwa. Chukueni Midship ya Halo 2 mkaiweke pembeni ya Truth ya Halo 5, ni ramani ileile imefanyiwa marudio. Kimbia kutoka besi moja hadi nyingine kwenye Midship bila sprinti, halafu fanya hivyohivyo kwenye Truth ukiwa na sprinti, muda haupishani sana. Yaani hujawa na haraka yoyote, umeongezewa tu njia ya kutembea ambayo huwezi kupiga. Hiyo ndiyo hoja halali dhidi ya sprinti na mtu akija nayo namheshimu.

Lakini hiyo haiui gemu, na ushahidi ni gemu zenyewe. Kwenye Halo 5 ukiwa unakimbia ngao yako, ile inayokukinga na risasi na kujijaza yenyewe, hairudi, kwa hiyo ule mchezo wa kupigwa nusu, kugeuka, kukata kona na kurudi mzima ukapungua sana. Kwenye Infinite, Halo iliyokuja baada ya 5, sprinti imezidi mwendo wa kawaida kidogo tu, ukiiacha kabisa hupotezi cha maana. Zote zina sprinti, na zote mechi zake za ushindani ni za haki kuliko Halo 4.

Kilichoiumiza Halo 4 ni kitu kingine na kinanishangaza hakitajwi. Halo tangu 2001 imesimama kwenye kuanza sawa. Wote mnazaliwa na silaha moja, na zile kubwa, roketi na sniper, ziko chini kwenye ramani sehemu inayojulikana na zinarudi kwa muda unaojulikana. Kwa hiyo timu nzuri inahesabu. Roketi imebakiza sekunde 20 kutokea, mmoja anashika juu, wawili wanasafisha njia, mmoja anaokota, na wapinzani nao wanajua hivyohivyo, mechi nzima inapiganiwa pale. Halo 4 ikaja na kila mtu kuchagua silaha zake kabla ya mechi, halafu ukikusanya pointi za kutosha katikati ya mechi unaletewa vitu vitatu uchague kimoja, na humo mara unakuta silaha kubwa. Sasa nahesabu roketi ipi? Naminya mtu kona nimemshinda kila kitu, anashushiwa zawadi na gemu, ananimaliza. Ukimweka mchezaji mzuri kwenye hali hiyo mara tatu mfululizo anazima konsoli, na walizima kweli.

Halo 5 mwaka 2015 ikarudisha kuanza sawa kwenye Arena, yaani mechi zake za ushindani, na mashindano ya dunia ya 2016 zawadi zikafika dola milioni 2.5, sprinti ikiwemo humohumo. Sasa niambieni muuaji ni nani.

Ushauri wangu ambao nawapa wote, na wachache wanaufuata: fungua Master Chief Collection, ule mkusanyiko wa Halo za zamani, cheza Halo 3 mechi kadhaa, halafu Reach ukiwa umetoa Armor Ability zote kwenye mechi ya kutengeneza mwenyewe, halafu Reach na sprinti. Na ujifunze muda wa silaha, tafadhali, kabla hujaja kunibishia kuhusu muelekeo wa Halo. Asiyehesabu roketi bado hajacheza Halo, anatembea tu kwenye ramani zake.

Madai mengine mnayoniletea nayapitia haraka.

Kwamba Microsoft iliwafukuza Bungie. Hapana. Bungie waliomba uhuru wao na ilitangazwa Oktoba 2007, baada ya hapo bado wakatengeneza Halo mbili, ODST na Reach. Waliondoka kwa hiari, walitaka kufanya kitu kingine.

Kwamba zamani mashabiki wote walikubaliana. Halo 2 ilipotoka Novemba 2004 watu walilalamika kuchezeshwa Arbiter, kiumbe wa upande wa maadui, badala ya Master Chief, shujaa wa Halo, na mwisho uliokatwa katikati ukawauma kweli. Leo hao hao wanaitaja kama dhahabu. Halo 5 ndiyo ilizidisha, Chief unamchezea misheni 3 tu kati ya 15, hapo hasira naielewa.

Kwamba Unreal Engine 5, injini ya kutengenezea gemu, itarekebisha kila kitu. Oktoba 2024 studio ya 343 ilibadilisha jina ikawa Halo Studios na ikatangaza inahamia Unreal. Vizuri, kupata watu wanaoijua hiyo injini ni rahisi kuliko kuwafundisha Slipspace, injini yao ya ndani. Lakini ile raha ya kuruka, risasi inavyovutwa na shabaha, bomu linavyodunda, hivyo havinunuliwi dukani pamoja na injini, vinapangwa na watu kwa namba moja moja.

Kwamba Halo kwenda PS5, konsoli ya wapinzani wa Xbox, ni usaliti. Halo ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1999 na Steve Jobs kwenye jukwaa la Apple, Xbox ikiwa hata haijatoka, na ile ya kwanza baadaye ilitolewa kwenye PC na Mac mwaka 2003. Wenzetu wa PS5 waje, tunataka wapinzani wengi.

Kwamba Infinite haina splitskrini, yaani TV moja kugawanywa kwa wachezaji. Maltiplea, mechi za watu kupigana wao kwa wao, inayo, mnacheza pamoja mmekaa kiti kimoja. Iliyofutwa ni ya kampeni, ile sehemu ya hadithi, Septemba 2022, baada ya kuwa wameshaahidi, na hili bwana ndilo linaloniuma mimi kuliko sprinti zote, maana kwetu huku Halo watu wameijua kwa kukaa wanne mbele ya TV moja, intaneti ilikuwa hadithi. Halo 5 haikuwa nayo kabisa. Sasa Campaign Evolved, ile marudio ya kampeni ya 2001 iliyotangazwa Oktoba 2025 kwamba itatoka 2026, wamesema wawili watacheza kwenye konsoli moja, na sprinti utaweza kuizima kwenye settingi. Mkitaka kupiga kelele kwa studio pigeni kwa hili, wawe wanne kama maltiplea za zamani, na ushindani urudi maana hiyo gemu haina maltiplea ya kupigana kabisa.