Bepari si kila mwenye pesa

Siku hizi kila mwenye gari zuri ni bepari. Mwenye duka akipandisha bei ya sukari, bepari. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bepari. Neno likishakuwa tusi la kumrushia yeyote mwenye roho mbaya, mfumo wenyewe unapita pembeni bila kuguswa.

Ubepari ni utaratibu ambao ardhi, mitambo na migodi vinamilikiwa na wachache, wengi hawana cha kuuza ila nguvu zao, na faida inayopatikana inarudishwa kutafuta faida zaidi. Biashara peke yake si ubepari. Majahazi yalivuka bahari na tende na boriti karne nyingi kabla ya viwanda. Unyonyaji nao haukai kwenye bei ya dukani. Unakaa kazini, pale mtu anapozalisha thamani kuliko ujira anaolipwa na ziada ikaenda kwa mwenye mali. Hata mwajiri mpole yumo, kwa sababu asipobana gharama atauziwa chini na wenzake mpaka afunge.

Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaojua hayo yote, kisha wakasema mazingira ni habari nyingine, ya watu wa miti na semina. Waangalie mkonge wa Tanga.

Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikitokea Florida. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Wakataji wengi walikuwa manamba, wanaume waliosombwa kutoka Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji wakawekwa kambini. Malipo yalikwenda kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Asiyemaliza mafungu yake ya majani, siku ile haikuandikwa, hata kama jua limemchoma tangu asubuhi na miba ya ncha za majani imemtoboa mikono.

Ujira ule ulipimwa kwa mwanamume mmoja, kana kwamba hana mke wala watoto. Nani aliyemlea mpaka akaweza kushika panga? Mama yake, kwa mihogo ya shamba lake mwenyewe. Akiugua au kuzeeka, nani alimpokea? Kijiji kilekile. Mwenye shamba hakuchangia hata senti katika malezi wala uzee wa mtu aliyemtajirisha.

Sasa nenda kwenye korona, mtambo unaosaga majani. Singa inayotoka, yaani nyuzi za kusokotea kamba, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni makapi ya kijani na maji mengi yenye asidi, na kwa miaka mingi yalifunguliwa yaende mtoni hivyohivyo. Makapi yanapooza hula hewa iliyomo majini, samaki wanakufa, maji yananuka, na anayeteka huku chini hana pa kwenda. Kuyasafisha kungegharimu fedha, mto haukutoza.

Kwa hiyo kijiji na mto vilifanyiwa jambo moja. Vyote viwili vilibebeshwa gharama ambazo hazikuandikwa kwenye daftari la shamba, na sehemu kubwa ya kilichoitwa faida ilikuwa ni deni hilo lisilolipwa. Ukimtetea mkataji ukausahau mto, umesoma nusu ya hesabu.

Wapo watakaokumbusha kwamba mwaka 1967 serikali ilitaifisha mashamba mengi ya mkonge na makapi yakaendelea kutiririka. Ni kweli, na ni hoja nzito. Mkonge uliendelea kuuzwa kwenye soko lilelile la dunia, wakati huo kamba za plastiki zikiangusha bei, na meneja wa shirika la umma alibanwa na gharama zilezile. Kubadilisha jina kwenye geti hakukutosha.

Basi mwenye duka anayeficha sukari ili bei ipande, tumwite mlanguzi. Neno tunalo na linamtosha. Bepari tumwachie anayemiliki kinachowafanya wengine wamfanyie kazi, na tunapomtaja tuulize pia maji machafu ya kiwanda chake yanaelekea wapi.