Umaksi na usasaleo katika nadharia ya elimu: maana yake na ugomvi wake

Chukua chumba cha mtihani. Madawati yameachanishwa ili jirani asichungulie, kila mtahiniwa ana namba badala ya jina, na msimamizi anapita kati ya safu akiangalia saa. Muda ukiisha kalamu zote zinawekwa chini, hata ya yule aliyekuwa katikati ya sentensi. Baadaye yanatoka matokeo: huyu amepasi, yule amefeli. Wengi wetu tunasoma hapo jambo moja tu, kwamba aliyejitahidi amevuna na aliyezembea ameanguka. Mmaksi, yaani mfuasi wa mawazo ya Karl Marx, hakubali maelezo hayo, na mfuasi wa usasaleo, mkondo wa fikra unaotilia shaka kweli zinazodaiwa kuwa za wote, hakubali pia. Ila kila mmoja ana sababu yake, na sababu zenyewe hazipatani.

Mmaksi anauliza: hawa waliofeli ni watoto wa nani? Mfuasi wa usasaleo anauliza: ni nani aliyeamua kwamba hiki ndicho kipimo cha mtu, na mtu akishapimwa hivi anageuka kuwa nani? Ukiyashika maswali haya mawili umeshika kiini cha nadharia zote mbili. Mengine ni ufafanuzi, ingawa ufafanuzi wenyewe una utamu wake.

Karl Marx (1818–1883) hakuacha nadharia ya elimu. Katika ilani aliyoiandika pamoja na Friedrich Engels mwaka 1848 mna dai fupi tu: watoto wote wasome bure katika shule za umma, kazi za watoto viwandani kwa namna zilivyokuwa wakati ule zikomeshwe, na masomo yaunganishwe na uzalishaji. Basi. Tunachokiita leo nadharia ya Kimaksi ya elimu kimejengwa na waliomfuata, juu ya wazo lake kubwa kwamba ukitaka kuielewa jamii, anza na jinsi inavyozalisha mali na nani anayemiliki njia za kuizalisha. Sheria, dini, fikra na shule havielei hewani. Vinasimama juu ya msingi huo na kuulinda.

Sasa, kiwanda kinahitaji wafanyakazi leo, na kitawahitaji kesho na keshokutwa. Tena hakihitaji mikono tu. Kinahitaji watu wanaojua kazi na waliozoea kuamrishwa. Watu hao wanatoka wapi? Mwanafalsafa wa Ufaransa Louis Althusser, katika insha yake ya mwaka 1970, alijibu kwamba wanatoka shuleni. Dola ina polisi, mahakama na magereza, vyombo vinavyotumia nguvu; lakini ina pia vyombo vinavyofanya kazi kupitia fikra, na kwa maoni yake shule ndiyo imechukua nafasi kubwa iliyokuwa ya kanisa katika Ulaya ya zamani. Hakuna taasisi nyingine inayowakusanya watoto wote, saa nyingi kwa siku, miaka nenda miaka rudi, na kwa lazima.

Wanauchumi wawili wa Marekani, Samuel Bowles na Herbert Gintis, walilisogeza wazo hili karibu zaidi na darasa mwaka 1976. Walisema mahusiano ya shuleni yanafanana na mahusiano ya kazini, na kwamba mfanano huo ndio unaofundisha kuliko masomo yenyewe. Mwalimu yuko juu ya mwanafunzi kama msimamizi alivyo juu ya kibarua. Alama zinakaa mahali pa mshahara: hujifunzi kwa sababu jambo limekuvutia, unajifunza ili ulipwe. Maarifa yamekatwakatwa vipindi na masomo kama kazi ilivyokatwakatwa kiwandani. Tena si wote wanaofunzwa tabia moja. Ngazi za chini zinasisitiza kufuata kanuni na kusimamiwa kwa karibu. Vyuo vya wateule vinamwachia mwanafunzi ajiongoze, kwa kuwa huko ndiko wanakotoka wakubwa wa kesho. Haya yote ni mtaala fiche. Huwezi kuukuta kwenye andalio la somo la mwalimu yeyote, na hata mwalimu mwenyewe huenda hajui kwamba anaufundisha.

Kwa maoni yangu hapo ndipo Umaksi una nguvu zaidi, kwa sababu unaeleza jambo ambalo maelezo ya bidii na uvivu hayawezi kulieleza: kwa nini ufaulu unafuata kipato cha wazazi kwa ukaribu namna ile, nchi baada ya nchi. Na hapo hapo pana udhaifu wake. Mwanafunzi wa Althusser, au wa Bowles na Gintis, anaonekana kama anameza kila anachopewa. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa la vijana wa miaka kumi na mitano anajua kwamba hawamezi kitu hivi hivi.

Mtafiti Mwingereza Paul Willis alikwenda kuwatazama vijana wa namna hiyo. Kitabu chake cha mwaka 1977 kinafuata wavulana 12 wa tabaka la wafanyakazi katika mji mmoja wa viwanda nchini Uingereza. Walimdharau mwalimu, walitoroka vipindi, na wakawabandika wenzao watiifu jina la kejeli linalotokana na sikio, kwamba hao kazi yao ni kusikiliza tu. Walikwisha kung'amua kwamba ahadi ya shule, soma kwa bidii utapanda, kwa watu kama wao ilikuwa ya wachache sana. Waliona sawasawa kabisa. Lakini dharau yao ya vitabu na kusifia kwao kazi za sulubu ndivyo vilivyowapeleka moja kwa moja kwenye sakafu ya kiwanda walikokuwa baba zao. Hawakulazimishwa na mtu, walikwenda wakicheka. Sijui uchunguzi mwingine unaoonyesha kwa uchungu kama huu jinsi tabaka linavyojizalisha upya.

Upande wa matumaini unashikwa na Paulo Freire wa Brazili, ingawa yeye alichanganya Umaksi na Ukristo wake bila kuona taabu. Alifundisha watu wazima kusoma katika nchi ambayo asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura, kwa hiyo darasa lake lilikuwa siasa hata kabla mtu hajafungua kinywa. Jeshi lilipotwaa madaraka mwaka 1964 alifungwa, kisha akaishi uhamishoni. Aliifananisha elimu ya kawaida na benki: mwalimu anaweka amana kichwani mwa mwanafunzi, na siku ya mtihani anaitoa ilivyo. Badala yake alitaka mazungumzo, ambamo wanyonge wanajifunza kuisoma hali yao kwa pamoja ili waibadilishe. Kutoka kwake na wenzake ilizaliwa ile inayoitwa pedagogia hakiki.

Usasaleo haukuanzia shuleni. Jina lenyewe lilitumika katika usanifu wa majengo na fasihi kabla halijaingia katika elimu, na limebandikwa watu ambao hawakujiita hivyo. Anayetajwa kwanza ni mwanafalsafa wa Ufaransa Jean-François Lyotard. Mwaka 1979 alitoa taarifa fupi aliyoagizwa na baraza la vyuo vikuu la Quebec, huko Kanada, kuhusu hali ya maarifa katika jamii zilizoendelea. Hoja yake ni kwamba watu wameacha kuziamini simulizi kuu: kwamba sayansi itamkomboa binadamu, kwamba historia inasonga mbele, kwamba tabaka la wafanyakazi litaleta ukombozi wa wote. Ndiyo, Umaksi nao umo kwenye orodha hiyo. Na hakuwa mtu wa nje anayetupa mawe. Lyotard alikuwa mwanaharakati wa Kimaksi kwa miaka kadhaa. Sehemu kubwa ya usasaleo wa Ufaransa iliandikwa na watu waliowahi kuamini, wakavunjika moyo.

Alitabiri pia kwamba kompyuta zitayageuza maarifa kuwa bidhaa, na kwamba swali la chuo kikuu halitakuwa tena kama jambo ni la kweli, litakuwa linafaa kwa nini, linauzika? Mmaksi akisoma ukurasa huo anaweza kuusaini bila kubadili neno. Nadharia hizi si paka na panya kila mahali.

Lakini kwa elimu, aliyeacha alama kubwa zaidi ni Mfaransa mwingine, Michel Foucault, na kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu magereza. Foucault hakuona mamlaka kama mali ambayo bepari anayo na mfanyakazi hana. Aliyaona yakipita katika vitendo vidogo vidogo: jinsi watoto wanavyoketishwa, ratiba inavyogawa dakika, daftari la mahudhurio linavyojazwa. Katika kitabu hicho mtihani una sehemu yake, na ndiyo maana nilianza nao. Mtihani, anasema, unaunganisha mambo mawili: jicho linalotazama kutoka juu, na hukumu inayotenganisha aliye wa kawaida na asiye wa kawaida. Anataja shule za mabruda wa Kikatoliki huko Ufaransa zilizotaka wanafunzi wapimwe siku hadi siku, leo tahajia, kesho hesabu. Kila kipimo kinaacha karatasi, karatasi zinakusanyika kuwa faili, na faili linamfanya mtoto awe «kesi» inayoweza kulinganishwa na kesi nyingine elfu.

Ni hoja nzito kuliko inavyoonekana. Kabla ya kipimo hapakuwa na mwanafunzi mzito wa kuelewa akisubiri kugunduliwa. Palikuwa na mtoto fulani mwenye tabia zake. Kipimo kikishamwita hivyo, anaanza kutendewa hivyo, anapangwa mkondo wake, na mwisho anajieleza mwenyewe hivyo hivyo. Maarifa kumhusu na mamlaka juu yake vimezaliwa siku moja. Na walimu nao hawakuachwa. Wanapangwa kwa wastani wa ufaulu, wanakaguliwa, wanajaza fomu, hadi jioni moja wanagundua kwamba wanafundisha ili takwimu zipendeze.

Wako wanaosema kwamba usasaleo maana yake ni kila kitu ni sawa, hakuna ukweli, kila mtu na lake. Wapo waandishi walioteleza hadi huko, hilo tusilifiche. Foucault hakuwa mmoja wao. Alitumia miaka mingi akichimbua nyaraka za zamani, kazi isiyo na maana kwa mtu asiyejali ushahidi. Alichokataa ni kudhani kwamba maarifa yanaweza kupatikana mahali ambapo mamlaka hayajafika.

Hapo ndipo ugomvi unapowaka. Fredric Jameson, mhakiki wa Kimaksi wa Marekani, alidai tangu mwaka 1984 kwamba usasaleo wenyewe ni utamaduni wa ubepari wa hatua hii, unaotukuza vipande vipande kwa sababu soko nalo limetukatakata. Katika elimu, Peter McLaren, ambaye awali alivutwa na usasaleo kisha akarudi kwa Marx, pamoja na Waingereza Dave Hill na Mike Cole, wamesema kwa ukali zaidi: kama hakuna ukweli unaosimama juu ya simulizi, basi hata mnyonge hawezi kusema kwamba ananyonywa na ikawa kweli. Utawajibu nini wazazi wasio na karo, kwamba umaskini wao ni simulizi mojawapo?

Upande wa pili una jibu, na jibu bora kabisa lilitoka darasani. Elizabeth Ellsworth alifundisha kozi dhidi ya ubaguzi wa rangi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani mwaka 1988, akitumia kanuni za pedagogia hakiki: mazungumzo, kila mwanafunzi apewe sauti, wanyonge wawezeshwe. Mwaka uliofuata aliandika kwamba kanuni hizo, zilipowekwa katika vitendo, zilizidisha yale yale zilizotaka kuyaondoa. Darasa halikuwa na mnyonge mmoja. Mwanamke mzungu, mwanafunzi mweusi, mgeni anayehangaika na lugha, kila mmoja alikuwa na hofu yake na alikuwa na jambo la kupoteza akilisema mbele ya wengine. Kunyamaza kwao hakukuwa ujinga uliosubiri kuamshwa. Na mwalimu anayegawa sauti alibaki yeye ndiye mgawaji. Mmaksi mwaminifu hawezi kuipita hoja hiyo kwa kusema tu «tabaka kwanza».

Mwenyewe naona kwamba swali gumu kuliko yote halijibiwi na Foucault wala Althusser: kesho asubuhi, mtoto wa maskini afundishwe nini? Antonio Gramsci, Mmaksi wa Italia, aliliwaza akiwa katika gereza la dikteta Mussolini. Aliipinga mipango ya kuwaundia watoto wa wafanyakazi shule za ufundi za haraka, akitaka shule moja ya wote yenye nidhamu na sarufi ngumu, kwa kuwa bila hayo watoto hao wangebaki kutawaliwa na waliosoma. Miongo kadhaa baadaye Mwingereza Michael Young alipita njia ndefu hadi karibu na hapo. Mwaka 1971 alihariri kitabu kilichofundisha kizazi kizima kuuliza ni nani aliyeyachagua maarifa ya shule. Alipozeeka kidogo aliona swali hilo peke yake linamwacha mwalimu mikono mitupu, akatenganisha maarifa ya wenye nguvu na maarifa yenye nguvu. Ya kwanza yanahusu nani anayemiliki. Ya pili yanahusu yanakuwezesha kuelewa na kufanya nini. Fizikia inaweza kuwa yote mawili kwa wakati mmoja. Wakosoaji wake bado wanamuuliza ni nani atakayekaa mezani kuamua yapi ni yapi, na hadi sasa majibu yake kuhusu fasihi na historia hayajashiba kama yale kuhusu fizikia.