Saa kumi na mbili ya Australia haijui jua

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii, mwezi wa Juni, wateja wangu sita walipanda boti Kununurra saa 11:30 jioni, wamependeza, simu zimejaa chaji, tayari kupiga picha za machweo mtoni. Jua lilikuwa limezama karibu nusu saa kabla yao. Boti safi, nahodha mcheshi, chakula kitamu, na giza totoro. Mwenye boti hakuwa na kosa, alifuata saa niliyomwandikia mimi. Mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa kwenye kundi lile aliniambia taratibu tuliposhuka: "Mwanangu, hayo machweo tumeyasikia tu. Kuyaona bado."

Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Brisbane, na kazi yangu ni kuwapangia watu safari za nyika ya Australia, ile bara ya ndani ambako mji na mji unatenganishwa na mwendo wa siku. Wageni wangu wengi ni wazazi na ndugu waliokuja kuwatembelea watoto wao huku, na Wakongo na Warundi waliohamia Queensland ambao baada ya miaka ya kazi na watoto wanataka kuiona nchi wanayoishi. Karibu wote huniomba kitu hichohicho: jioni moja ndani ya boti, jua likizama. Ombi jepesi kulisikia, ila mimi lilinichukua miaka kulijua.

Kosa langu la Kununurra lilitoka kwenye lugha yetu wenyewe. Sisi tukisema saa kumi na mbili jioni tunamaanisha jua linakuchwa. Saa yetu imefungwa kwenye jua, na kwa kuwa tuko jirani na ikweta, haituongopei sana mwaka mzima. Ukifika Australia na saa hiyo kichwani, umepotea. Jimbo la Australia Magharibi lote linatumia saa rasmi moja tu, masaa nane mbele ya Greenwich, inayoifaa Perth iliyoko pwani ya mbali. Kununurra iko ukingoni kabisa mwa jimbo upande wa mashariki, chini ya kilomita 50 kutoka mpakani, kwa hiyo jua lake limeitangulia saa. Katikati ya Juni linazama saa 11 jioni na dakika mbili tatu tu. Vuka mpaka uingie Northern Territory, saa inaruka mbele dakika 90, na pale Katherine, kilomita 510 hivi kwa barabara, jua la siku hiyohiyo linazama kama saa 12:20. Mimi nilikuwa nimewatoa watu Katherine asubuhi, nikajipongeza kwamba wakivuka watapata saa moja na nusu ya bure. Jua likaidai yote.

Tangu siku ile siandiki saa ya kuondoka kabla sijaandika saa ya jua kuzama mahali penyewe, tarehe yenyewe. Kila kitu kingine nakihesabu kurudi nyuma kutoka hapo.

Swali la pili ni mto gani. Mgeni anayetaka mamba nampeleka Yellow Water ndani ya hifadhi ya Kakadu, pahali ambapo jina lake la wenyeji ni Ngurrungurrudjba. Kule mamba wa maji ya chumvi wamejilaza ukingoni na ndege ni wengi mpaka unachoka kuhesabu. Anayetaka majabali marefu namwelekeza Nitmiluk karibu na Katherine, ardhi ya Wajawoyn waliyorudishiwa mwaka 1989. Lakini akiniuliza nyika yenyewe iko wapi, ile tambarare isiyo na kilima ambako mbingu imekaa kama bakuli lililofunikwa, namtajia Longreach, Queensland, na Mto Thomson.

Thomson ni mto wa ajabu, na mgeni asipoelezwa mapema atavunjika moyo. Watu wetu wakisikia "mto" wanaona Rufiji au Tana, maji yanayokwenda. Thomson miezi mingi ya mwaka hauendi popote. Ni mlolongo wa vilindi virefu vilivyojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kati ya kilindi na kilindi mfereji mkavu. Jina Longreach lenyewe limetoka kwenye kilindi kirefu kilichoko jirani na mji. Rangi ile si uchafu wa mji, ni udongo mfinyanzi laini mno usiotulia chini. Ukitumbukiza mkono mpaka kiwiko huvioni vidole. Mamba hakuna. Kuna samaki wa tumbo la manjano ambaye wenyeji humtamani kwa kukaanga, na kuna kasa wa mtoni wanaotoa pua kuvuta pumzi halafu wakapotea.

Mvua kubwa ikinyesha juu, mto huohuo hutanuka kilomita kadhaa. Kusini zaidi, juu ya Windorah, Thomson unakutana na Barcoo, na wawili hao wakiungana wanaitwa Cooper Creek, yaani mito miwili mikubwa inazaa kijito (ndiyo maana ya creek) kwa jina. Wenyeji hawachoki kukuambia hilo, na wewe cheka kila mara. Maji hayo hayaendi baharini. Yanashuka kuelekea Kati Thanda–Lake Eyre, ziwa la chumvi lililo kama mita 15 chini ya usawa wa bahari, na miaka mingi hukauka njiani kabla ya kufika. Machi 2025 mafuriko ya magharibi mwa Queensland yalivuka, katika baadhi ya maeneo, alama za mafuriko makubwa ya 1974. Yakabeba ng'ombe, kondoo na uzio. Kwa hiyo nikipiga simu kuulizia boti, la kwanza nauliza maji yamesimamaje wiki hii. Yakiwa machache boti hugusa tope, yakiwa mengi gati limezama. Bei nauliza baadaye. Ulizia pia mapema, kwa maandishi, utarudishiwa nini mto ukikataa.

Msimu ni Aprili hadi Oktoba. Usimsikilize anayekwambia Desemba ni kiangazi na likizo. Desemba kule ni joto la kupita digrii 37 siku nyingi, na shughuli nyingi za utalii zimefungwa. Mimi hupenda Juni na Julai, kipupwe chao: mchana digrii 23 au 24, hewa kavu, anga safi. Tatizo ni kwamba wastaafu wa Australia nao wanapenda hivyohivyo. Wanashuka kutoka kusini na karavani zao kukimbia baridi, wakikutana na likizo za shule hutapata kiti wala kitanda. Weka nafasi miezi mitatu minne kabla.

Kuna jambo la mwezi ambalo sisi tuna bahati nalo. Mzungu atafungua programu kwenye simu, wewe tazama kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa kumi na nne huchomoza mashariki jua likizama magharibi, na kwa kuwa nchi ni bapa utaviona vyote viwili kwa mara moja kwa kugeuza shingo tu. Ukitaka nyota, chagua mwezi mwandamo. Usiku wa nyikani bila mwezi, ile njia nyeupe ya angani inaonekana mpaka kwenye maji.

Sasa hesabu ya jioni yenyewe. Chukua mwisho wa Juni, Longreach. Jua linazama kama saa 11:45. (Mwisho wa Septemba ni kama 12:20, kwa hiyo usinakili ratiba ya rafiki yako.) Kwa majira hayo jua huchukua karibu dakika 50 kushuka digrii kumi za mwisho, na hapo ndipo mwanga unageuka asali na magogo ya mikaratusi ukingoni yanawaka. Basi saa 11 kamili lazima boti iwe imeshaondoka mbali na gati, kelele za kupanga viti zimekwisha. Kupanda boti ni 10:30. Gari hotelini ni saa 10, maana mto uko kilomita chache tu nje ya mji ila wazee hawakimbizwi. Chakula cha mchana kiwe chepesi na kiishe saa 8. Asubuhi kuna jumba la kumbukumbu la wachunga ng'ombe, lililofunguliwa mwaka 1988, na lile la Qantas, shirika la ndege lililoasisiwa Winton mwaka 1920 na kuhamia Longreach mwaka uliofuata. Hilo la pili lina Boeing 747 nzima uwanjani, na mtu akiingia humo hatoki upesi. Lisogeze kesho yake.

Wengi hukosea mwishoni. Jua likigusa upeo watu hupiga makofi, nahodha anageuza boti, na wote wanainama kutazama picha zao. Nawaomba manahodha wakae dakika 20 zaidi. Wekundu mzito huja baada ya jua kuondoka, na ndege nao wanarudi saa hiyo: kasuku weupe kwa mamia wakigombania matawi kwa makelele ya soko la samaki, mwewe wakizunguka mara ya mwisho, mwari mmoja anapita chini kabisa hagusi maji. Nzi waliokusumbua mchana kutwa wanatoweka ghafla. Mbu wanapokea zamu, hasa ikiwa mvua ilinyesha karibuni.

Kiti pia kina upande. Watu hukimbilia mbele ya boti kwa kudhani ndiko jua liliko. Mwezi wa Juni kule jua halizami magharibi kamili, linazama kama digrii 25 kuelekea kaskazini. Muulize nahodha atakuwa ameelekea wapi jua likishuka, ndipo umketishe bibi.

Kwa Waislamu, sala ya Magharibi inaingia katikati ya safari, na hilo halimo kwenye tovuti ya kampuni yoyote. Nalipanga mapema na nahodha: sakafu ya nyuma iwe wazi, injini izimwe dakika kumi. Kibla kutoka Longreach ni magharibi, digrii 15 hivi kuelekea kaskazini, kwa hiyo mwezi wa Juni ni kushoto kidogo ya pale jua lilipozamia, na ikifika katikati ya Agosti karibu vinalingana. Nimewahi kusimama safu ya watu wanane juu ya boti bapa, maji hayatikisiki, upande wote tunaouelekea ni mwekundu. Nahodha alivua kofia akakaa kimya bila kuambiwa.

Baada ya boti huwa kuna chakula ukingoni, kando ya moto: mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe, mkate mnene uliookwa kwenye makaa, chai iliyochemshwa ndani ya kopo. Halali waagize wiki mbili kabla, maana bucha ya halali haiko kila kona ya nyika. Wakikwama, omba samaki.

Na kutakuwa na hadithi. Longreach hawakuachi uondoke bila kumsikia Harry Redford. Mwaka 1870 yeye na wenzake waliiba ng'ombe kama 1,000 kutoka shamba la Bowen Downs, wakawaswaga kufuata mito ileile, Thomson na Cooper, mpaka Australia Kusini, njia ambayo ilikuwa imewaua wavumbuzi wenye vifaa vyote. Kilichomponza ni fahali mmoja mweupe aliyetoka Uingereza, asiyeweza kufichika. Mwaka 1873 fahali aliletwa mpaka mji wa Roma, hukuhuku Queensland, kama ushahidi, na pamoja na hayo baraza la wazee wa mahakama likamwachia Redford huru. Wateja wangu wa Kimasai, mume na mke, walicheka mpaka wakakohoa. Mume alitaka kujua njiani waliwanyweshaje, swali zuri kuliko yote niliyosikia pale.

Ardhi hiyo kabla ya Redford na kabla ya shamba ni ya Wainingai. Hadithi za jukwaani huwapita haraka, kwa hiyo mimi huwataja mwenyewe garini.

Kurudi usiku, usiendeshe mwenyewe kama unaweza kuepuka. Kangaruu hutoka kula jua likizama na hawajui taa ni nini. Malori yenye trela tatu, urefu hadi mita 53.5, hayana namna ya kukukwepa, na mikataba mingi ya magari ya kukodi inakataza kuendesha nje ya mji baada ya giza. Chukua boti yenye basi la kukurudisha.

Kufika Longreach kuna ndege kutoka Brisbane, kama saa mbili, na kuna treni, Spirit of the Outback, mara mbili kwa wiki, safari ya takriban saa 26. Vyovyote utakavyokuja, usiweke boti siku ya kufika. Ndege ikichelewa dakika 40 umeshapoteza ulichokifuata. Lala siku moja, panda boti siku ya pili, na acha ya tatu wazi, ili upepo au mto ukikataa uwe na jioni ya akiba.

Mizigo ni michache: koti la kweli, kwa sababu alfajiri ya Julai hushuka hadi digrii 7 na baridi inaanza kupanda mtoni mara jua likiondoka. Kina mama wa pwani hunijibu kwamba wana mtandio. Nimeanza kubeba mablanketi matano kwenye buti la gari, na hayajawahi kurudi yakiwa yamekunjwa.