Je, wajua kwa nini kamera huanzia miguuni kwa mwanamke na usoni kwa mwanamume?

Yeyote aliyewahi kuketi kwenye benchi la kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa mtaani wa kuonyeshea filamu, katika mitaa ya Ngamiani jijini Tanga, au aliyezoea kuangalia filamu sebuleni kwake baada ya chakula cha usiku, ameliona jambo hili mara nyingi bila kulitilia maanani. Mwanamume mwenye uwezo anapoingia kwenye hadithi, geti linafunguliwa, gari linaingia, mlango wa gari unafunguka, na papo hapo tunaonyeshwa uso wake, tukajua kama amekasirika au amefurahi na anamtafuta nani. Mwanamke anapoingia, kamera huanzia kwenye kiatu cha kisigino kirefu, ikapanda taratibu kwenye muundi, nyonga, kiuno na kifua, muziki ukiwa umebadilika, na ndipo mwishoni kabisa ikatufikisha kwenye uso. Kufikia hapo tumekwisha kumkagua mtu mzima kabla hajasema neno wala kufanya jambo lolote.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba watazamaji ndivyo wanavyopenda. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu nusu ya watazamaji ni wanawake, nao hawajawahi kuulizwa.

Mwaka 1975 mwanazuoni wa Uingereza, Laura Mulvey, alichapisha insha ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mjadala huu duniani. Alisema kwamba katika sinema kuna kutazama kwa aina tatu: kamera inavyoutazama mchezo, mtazamaji anavyokitazama kioo cha sinema, na wahusika wanavyotazamana wenyewe kwa wenyewe. Katika filamu za Hollywood alizozichambua, macho hayo matatu yalikuwa yameunganishwa kwa ustadi hata yakawa jicho moja, na jicho hilo lilikuwa la mwanamume. Yeye ndiye anayetazama na kutenda, na mwanamke ndiye anayetazamwa. Mwanamke akitokea, hadithi husimama kidogo ili atazamwe. Mwanamume akinyanyuka, hadithi huendelea. Hata mtazamaji wa kike, akitaka kuufuata mchezo, hulazimika kuliazima jicho hilo na kumtazama mwanamke mwenzake kana kwamba yeye si mmoja wao.

Namna muungano huo unavyofanyika ni kazi ya ufundi, na yafaa kuielewa hatua kwa hatua, maana ndimo nguvu zilimofichwa. Mwongozaji anapotaka kumpa mhusika mamlaka huiweka kamera chini kidogo ya usawa wa macho, mhusika akaonekana mrefu na mzito. Akitaka kumdhoofisha huiweka juu, mhusika akaonekana mdogo kama mtu anayesubiri hukumu. Anapotaka tuone kwa macho ya fulani, humwonyesha kwanza fulani akitupa jicho, kisha akatuonyesha kile anachokitazama, kisha akarudi kwenye uso wake tuone alivyoguswa. Mfuatano huo wa picha tatu ni mfupi sana, lakini ukishapita tumekwisha kuingizwa ndani ya kichwa cha yule aliyetazama. Sasa hesabu, katika filamu yoyote uliyonayo nyumbani, ni mara ngapi mfuatano huo unaanzia kwenye macho ya mwanamke anayemtazama mwanamume kwa kumtamani, au hata kwa kumpima tu kama anafaa. Kuna pia kukatakata: mguu peke yake, mdomo peke yake, mgongo peke yake. Mtu aliyekatwa vipande hana nia wala fikra, kwa kuwa hivyo vyote huonekana usoni, na uso ndio uliocheleweshwa.

Jirani zangu wa Makorora, mtaa wa hapa Tanga, waliwahi kuangalia filamu moja ya aina hiyo nami nikiwepo, na katikati ya mchezo bibi wa nyumba akamuuliza mjukuu wake, "Huyu binti mbona hatulijui jina lake mpaka sasa?" Kijana akajibu, "Bibi, huyo si ndiye mchepuko wa yule tajiri." Bibi akasema, "Nimekuuliza jina lake, mjukuu wangu, sikukuuliza ni wa nani." Sijapata kusikia uhakiki wa filamu ulio mfupi na wa kweli kuliko huo. Katika hadithi ile wanawake wote walikuwa wa mtu: mke wa fulani, mama wa fulani, hawara wa fulani. Wanaume walikuwa na kazi, madeni, maadui na siri zao.

Wapo wanaosema kwamba filamu zinaonyesha tu mila zetu zilivyo. Hapo ndipo ninapokataa kabisa, na Tanga ni mahali pazuri pa kukatalia. Katika pwani hii, elimu ya mapenzi na ya mwili kwa jadi haikuwa mikononi mwa wanaume. Mwari alikabidhiwa kwa somo wake, akafundishwa na kungwi katika unyago kwa nyimbo, kwa vitendo na kwa maneno ya wazi ambayo hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuyasikia. Mwanamke mtu mzima ndiye aliyekuwa mwalimu wa jambo hilo, ndiye aliyejua, ndiye aliyetahini. Mtu anaweza kuyakosoa mengi yaliyofundishwa humo, hasa mafunzo ya kumtumikia mume kupita kiasi na desturi ya kumwoza binti angali mdogo, nami ni miongoni mwa wanaoyakosoa. Lakini hawezi kusema kwamba mwanamke wa pwani alikuwa bubu katika mambo ya mapenzi. Filamu ilipokuja kuyachukua mambo yale yale, uchezaji wa kiuno, shanga, kanga moja, iliyatoa kwenye duara la wanawake waliokuwa wakitazamana na kufundishana, ikayaweka mbele ya jicho la mgeni aliyesimama mlangoni, ikamwacha kungwi na maneno yake nje.

Taarabu nayo inashuhudia. Miaka ya sitini na sabini vikundi vya Black Star na Lucky Star vya hapa Tanga viliubadilisha muziki huo kwa magitaa ya umeme, na sauti zilizosikika mbele zilikuwa za wanawake kama Shakila Saidi. Hata pale shairi lilipotungwa na mwanamume, aliyesimama na kusema "mimi" mbele ya kadamnasi, akapenda, akalaumu, akakataa, alikuwa mwanamke. Hadhira ilimsikia kwanza, ikamtazama baadaye. Ukilinganisha na kiatu kile cha kisigino, utaona kwamba tulikuwa na namna nyingine ya kumweka mwanamke mbele za watu, tena iliyopendwa, na hatukulazimika kuiacha.

Basi jicho hili lilitoka wapi? Kwa sehemu lilikuja na filamu zenyewe. Marekani, studio kubwa zilikubaliana mwaka 1930 juu ya kanuni za maadili ya filamu, zikaanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934, na hazikuondolewa hadi 1968. Kanuni hizo zilikataza uovu kuonyeshwa kwa namna ya kuutetea, na katika mambo ya mapenzi matokeo yake yakawa kwamba mwanamke aliyevuka mipaka alipaswa kuadhibiwa kabla taa za ukumbini hazijawashwa: afe, augue, aachwe au atubu. Mwanamume aliyevuka naye mara nyingi alisamehewa. Mkondo huo wa hadithi ulizunguka dunia nzima, na katika filamu zetu bado uko hai, ambapo binti wa mjini mwenye tamaa huishia kitandani hospitalini huku mke mvumilivu akirudishiwa mume wake kama zawadi, na hakuna anayeuliza kama bado anamtaka. Huku kwetu, bodi za ukaguzi za wakoloni zilikuwa na wasiwasi wao wenyewe: zilizuia au kukata sehemu zilizomwonyesha mwanamke Mzungu katika hali ambayo, kwa fikra zao, ingewashushia watawala heshima mbele ya Waafrika. Mwili wa mwanamke ukawa jambo la serikali kuulinda, na aliyelindwa kwa kweli alikuwa mtawala.

Haikuwa Hollywood peke yake. Kwenye majumba ya sinema ya Tanga, kama Majestic, filamu za Kihindi ndizo zilizojaza viti kwa miaka mingi, na katika miji ya pwani yalikuwapo hata maonyesho ya wanawake pekee, ambapo mama wa Kiislamu aliyekaa utawani aliweza kwenda na binti zake bila kuvunja heshima ya nyumba. Mojawapo ya filamu zilizopendwa mno Afrika Mashariki ni "Mother India" ya mwaka 1957. Mkopeshaji wa kijiji anamtaka mwanamke maskini kimwili ili amwondolee shida, naye anakataa. Miaka mingi baadaye anampiga risasi mwanawe mwenyewe anapomteka binti wa watu siku ya harusi. Filamu hiyo inamsifu mwanamke kwa uvumilivu, na hilo lina kasoro zake, lakini inaonyesha waziwazi kitu ambacho filamu nyingi hukificha: kwamba mwenye kushika daftari la madeni ndiye mwenye kudai mwili, na kwamba tamaa na mamlaka hulala nyumba moja.

Sababu nyingine ni ya mfukoni. Filamu za video za Kitanzania zilizoshamiri baada ya mwaka 2000 zilipigwa kwa haraka, katika nyumba moja ya kuazima, mara nyingi bila mswada kamili. Mwongozaji asiye na muda wa kujenga tabia hutegemea sura ambazo mtazamaji anazijua tayari: mke mwema, mchepuko, mama mkwe mkorofi, tajiri, stelingi (shujaa mkuu wa filamu) asiyelia. Mwanamume naye hufungwa na sura hizo, maana stelingi anayeogopa au kuomba radhi huonekana si stelingi. Kisha inakuja kava, inayopaswa kuuza filamu kabla haijatazamwa, na hapo mwili wa mwigizaji wa kike huwekwa mbele hata kama ndani ya mchezo anatokea mara mbili tu.

Je, sheria inaweza kulimaliza jicho hili? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliipa Bodi ya Filamu kazi ya kukagua na kupanga filamu kwa madaraja, na uchi hukatwa. Hata hivyo, mwanamke aliyevaa baibui anaweza kupigwa picha kwa jicho lile lile la kumkagua, na mwanamke aliyevaa kanga moja anaweza kupigwa picha akiwa na heshima yake yote, kutegemea kamera imesimama wapi na inamngoja nani aseme.

Kuna pia kipimo maarufu kilichotoka kwenye katuni ya Alison Bechdel ya mwaka 1985: je, filamu ina wanawake wawili, wanazungumza wao kwa wao, na mazungumzo yao yanahusu jambo lingine mbali na mwanamume? Nakiona kinafaa kwa kuamsha usingizi, lakini ni kipimo chembamba. Mazungumzo ya somo na mwari wake yangeanguka kwenye mtihani huo, kwa kuwa yanamhusu mume, ilhali ni mazito kuliko maongezi ya wanawake wawili wanaosifia viatu. Ninalotilia mkazo zaidi ni nani anaamua. Tuzo za Oscar zilianza mwaka 1929, na hadi mwaka 2018 ndipo mwanamke wa kwanza, Rachel Morrison, alipoteuliwa kuwania tuzo ya upigaji picha. Kwa karibu miaka 90 waliopendekezwa kuwa mabingwa wa kuamua kamera isimame wapi walikuwa wanaume watupu.

Suala la nani anaamua lina historia ndefu katika mkoa huu wenyewe. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, wakakamilisha filamu 35 zilizohusu minyoo, kilimo, akiba ya posta na mengineyo. Walioigiza walikuwa wenyeji; waliochagua hadithi na mwisho wake walikuwa wageni. Mwenyeji alikuwa mbele ya kamera kama mtu wa kurekebishwa, mahali pale pale ambapo filamu nyingi humweka mwanamke.

Miaka 80 baadaye, Pangani, taasisi ya UZIKWASA ilitoa filamu "Aisha" mwaka 2015, ikiongozwa na Chande Omar. Aisha ni mfanyabiashara wa mjini anayejitegemea. Anarudi kijijini kwa harusi ya mdogo wake, na huko anabakwa na kundi la wanaume. Mwongozaji wa hadithi ya namna hiyo ana uamuzi mmoja mgumu kuliko yote, nao ni wa wapi aiweke kamera wakati wa ukatili. Akiuweka mwili wa mwanamke mbele, ukatili unageuka tamasha, na mtazamaji anafanywa mmoja wa wabakaji bila kuombwa ruhusa. Akibaki na mwanamke kabla na baada, katika kunyamaza kwake, hasira yake na uamuzi wake wa kutafuta haki, macho ya mtazamaji yanalazimika kugeukia kwa wengine: ndugu, majirani, wenye vyeo. Anayepimwa kuanzia miguuni hadi kichwani sasa ni yule aliyejua akanyamaza, na swali la binti alikuwa amevaa nini linakosa mahali pa kushika.