Mchezo wa maskani: mazoezi ya siku ya kutoka soba hauzi

Familia nyingi, Unguja na Pemba, huiogopa zaidi arosto, yaani mateso ya mwili anayoyapata mtumiaji akikatiza dawa za kulevya. Kweli inatesa. Kwa mtumiaji wa heroini huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 10. Sisi tunaoshughulikia tiba ya uraibu tunaiogopa zaidi siku kijana anapotoka soba hauzi, nyumba wanakokaa watumiaji ili waache dawa za kulevya, akapita maskani yake ya zamani, na mwenzake akamwita: "Njoo bwana, kete moja tu." Mwili uliokaa miezi bila unga hauistahimili tena dozi aliyoizoea. Kete hiyo moja inaweza kumuua.

Siku hiyo inaweza kufanyiwa mazoezi. Katika miaka ya 1970 Augusto Boal wa Brazil alibuni maigizo ambayo mtazamaji haishii kutazama. Kikundi huigiza tukio linaloishia vibaya, kisha hulirudia. Safari hii, anayeona mhusika anakosea husema "Simama!", akaingia uwanjani kujaribu njia yake. Wenzake hawamrahisishii. Akisema "nimeacha", wanamcheka. Akikaa kubishana, wanazidi kumvuta. Mwishowe huona mwenyewe kwamba kutoa salamu huku anatembea kunamwokoa kuliko hoja yoyote. Hilo tungemhubiria mwaka mzima lisimwingie.

Hahitajiki msanii wala ukumbi. Ua wa soba hauzi unatosha. Kundi la Cardboard Citizens la London limekuwa likiigiza hivi na watu wasio na makazi tangu 1991.

Lakini tafadhalini, kijana asilazimishwe kuigiza maisha yake. Mhusika apewe jina jingine, ili aliyeumia aseme ya moyoni bila kuvuliwa nguo mbele za watu. Sindano na karatasi za kete zisiletwe hata za kuigizia, kwani kuviona tu huamsha hamu. Mshauri nasaha awepo, na abaki baada ya mchezo. Anayekunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, asikose dozi yake kwa sababu ya mazoezi.

Na jamaa waalikwe. Chezeni pesa zimepotea ndani, na macho yote yamemgeukia yule aliyekuwa teja. Kisha mama mtu aingie achukue nafasi ya mwanawe, aulizwe "Umezipeleka wapi?" kabla hata hajaitikiwa hodi.