Walmart: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jina la Walmart, kampuni ya Marekani yenye maduka makubwa ya bei ya chini, linatajwa sana kwetu, hasa na wenye ndugu Marekani. Wapo wanaoisifu kama ushahidi kwamba mwenye duka dogo anaweza kufika popote, na wapo wanaoilaani kuwa mnyonyaji tu. Pande zote mbili hushika vipande vya ukweli, kisha hujaza mapengo kwa hadithi. Hilo si jambo dogo, kwa sababu maduka makubwa yameshaenea katika miji yetu na hoja hizihizi ndizo tunazoyahukumia.

Dhana: Sam Walton, mwanzilishi wa Walmart, ndiye aliyebuni duka la bei ya chini

Si yeye. Walmart ya kwanza ilifunguliwa tarehe 2 Julai 1962 mjini Rogers, Arkansas, na mwaka huohuo Kmart na Target, maduka mengine ya bei ya chini, nazo zilianza. Kabla ya hapo mfanyabiashara Sol Price alikuwa na maduka ya bei ya chini ya FedMart kule California tangu 1954, na Walton hakuficha kwamba alijifunza mengi kwake. Hata Sam's Club, maduka ya Walmart ya wanachama yaliyoanza 1983, ilifuata nyayo za Price Club ya huyohuyo Price.

Kilichokuwa chake Walton ni uchaguzi wa mahali. Washindani walikimbilia miji mikubwa. Yeye alijenga katika vimji vya Arkansas, Missouri na Oklahoma, ambavyo wakubwa wa biashara waliamini havina wateja wa kutosha. Wateja walikuwepo, ila hakuna aliyekuwa amewafuata.

Dhana: Bei ziko chini kwa sababu mishahara iko chini, basi

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vimji vile vilikuwa na tatizo moja: wasambazaji hawakutaka kupeleka mzigo mbali kiasi hicho. Walton akalazimika kujenga maghala yake na kununua malori yake. Kisha maduka yakajengwa kulizunguka ghala, kwa umbali ambao lori linaweza kwenda na kurudi ndani ya siku moja. Eneo likijaa, ghala jingine linajengwa mbele na maduka yanalifuata. Ndivyo kampuni ilivyosambaa, hatua kwa hatua.

Ndani ya ghala, lori la kiwandani linashusha upande mmoja, katoni zinapita kwenye mkanda, na upande wa pili zinapakiwa kwenye malori ya maduka. Sehemu kubwa ya mzigo hailali. Mfanyabiashara yeyote anajua mzigo uliolala stoo ni mtaji uliofungwa.

Mwaka 1987 kampuni ilikamilisha mtandao wake wa setilaiti uliounganisha maduka na makao makuu ya Bentonville. Mwaka 1991 ukaja mfumo wa Retail Link, ambao unamwezesha msambazaji kuona bidhaa zake zinavyouzwa, duka kwa duka. Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni, haikuhitaji tena kukisia ni sabuni ngapi za kupeleka.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2024, mauzo ya Walmart yalikuwa takriban dola bilioni 648, na faida halisi takriban dola bilioni 15.5. Ni kama senti mbili na nusu kwa kila dola. Biashara ya namna hiyo inaishi kwa wingi na kasi ya mzunguko, na mshahara mdogo peke yake usingeweza kuijenga.

Lakini mishahara nayo ilibanwa, na asiyetaka kusema hivyo hasemi kweli. Mwaka 2020 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza waajiri wa watu wanaopokea msaada wa chakula na matibabu kutoka serikalini. Walmart ilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa katika majimbo yaliyotoa takwimu. Mtu ana kazi, na bado anahitaji msaada ili ale. Mimi naona hilo ni kosa, na ubora wa malori yale ndio unaolifanya kosa zito zaidi: kampuni yenye ufanisi wa kiasi kile ilikuwa na njia nyingine ya kupunguza bei.

Dhana: Ule utamaduni wao ni maigizo tu

Kuna vituko kweli. Baada ya safari ya Asia katika miaka ya 1970, Walton alirudi na wazo la wafanyakazi kupaza sauti pamoja kabla ya kazi, herufi moja moja za jina la kampuni, huku wakitikisa viuno wakifika kwenye kistari kilichokuwa kati ya Wal na Mart. Mwaka 1984 alicheza hula, ngoma ya Hawaii, katika Wall Street, mtaa wa fedha wa New York, akiwa amevaa sketi ya nyasi, kwa sababu aliahidi kufanya hivyo faida ikivuka asilimia 8 kabla ya kodi.

Hata hivyo, mwaka 1971 alianzisha mgawo wa faida kwa wafanyakazi, na wako madereva na makeshia waliostaafu na akiba ya maana kwa sababu ya mgawo huo. Hayo si maigizo.

Kinachoharibu picha ni jinsi kampuni inavyovipinga vyama vya wafanyakazi. Februari 2000, wakata nyama wa duka la Jacksonville, Texas, walipiga kura ya kuwa na chama. Wiki mbili baadaye kampuni ikatangaza kwamba itauza nyama iliyokwishafungashwa, kazi ya bucha ikaisha. Kule Jonquière, Quebec, duka lililopata chama lilifungwa 2005, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamua kwamba Walmart ilivunja sheria ya kazi. Wanaosema haina chama popote duniani nao wamekosea: China vyama viliingia 2006, na Afrika Kusini vipo pia.

Dhana: Mahakama ilisema Walmart haikuwabagua wanawake

Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2011 haukusema hivyo. Ulikataa tu kwamba wanawake wapatao milioni 1.5 wa Walmart, waliodai kubaguliwa kazini, waendeshe kesi moja kwa pamoja. Iwapo walibaguliwa au la, mahakama hiyo haikuamua.

Dhana: Kila inakoingia inashinda

Iliingia Ujerumani 1997 ikakuta Aldi, maduka ya hukohuko, tayari wanauza kwa bei ya chini. Ikaondoka 2006, na mwaka huohuo ikaondoka Korea Kusini. Kwetu ilikuja kwa mlango wa nyuma: mwaka 2011 ilinunua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini, mmiliki wa maduka ya Game. Wengi walionunua friji au televisheni Game ya Mlimani City (Dar es Salaam), Lugogo (Kampala) au Garden City (Nairobi) hawakujua kwamba walikuwa kwa Walmart. Kufikia mwisho wa 2022 Game ilikuwa imeondoka Afrika Mashariki.

Dhana: Kampuni kubwa hivyo haiwezi kujua kila nguo imeshonwa wapi

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote. Tarehe 24 Novemba 2012, kiwanda cha Tazreen nje ya Dhaka, Bangladesh, kiliungua na kuua watu wasiopungua 112. Katika mabaki zilipatikana nguo za Faded Glory, chapa ya Walmart yenyewe. Kampuni ilieleza kwamba msambazaji alikipa kiwanda hicho kazi bila idhini. Lakini ukaguzi uliofanywa kwa niaba yake Mei 2011 ulikuwa umeshakiweka kiwanda hicho katika daraja la hatari.

Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lenye viwanda vya nguo hukohuko Bangladesh, lilianguka, watu zaidi ya 1,100 wakafa. Kampuni nyingi za Ulaya zilisaini mkataba wa usalama wa viwanda unaozifunga kisheria, pamoja na vyama vya wafanyakazi. Walmart haikusaini. Iliungana na Gap na nyingine kuunda mpango wao, ambao ulikagua viwanda lakini haukuwapa vyama vya wafanyakazi nguvu ileile ya kuzidai kampuni. Kwa kampuni iliyojua kila siku ni sabuni ngapi zimeuzwa katika kila duka lake, kujua shati linashonwa wapi ni suala la kuamua kuuliza na kukubali kulipia jibu.